Nyumba ya Mtaa wa Nepaul, na Sisi Tunaoishi Chini ya Turubai

Kitabu kilifika kwenye maktaba yetu ya vijana hapa Nakivale bila jalada. Kilikuwa ndani ya katoni moja na vitabu vya hesabu vya zamani na Biblia mbili za Kifaransa, na panya walikuwa wameshakula kona ya chini. Nilikichukua kwa sababu moja tu: kilikuwa kinene, na mimi zikifika zamu zangu za kulala maktaba napenda kitu kinene. Kwa Kiingereza kinaitwa A House for Mr Biswas. Kwa lugha yetu ningesema Nyumba ya Bwana Biswas, ingawa jina hilo linadanganya kidogo, maana karibu kitabu kizima Bwana Biswas hana nyumba.

Nimekisoma miezi mitatu, kamusi pembeni. Kiingereza changu ni cha sekondari, msinicheke. Nataka kuwaeleza wasomaji wenzangu kitabu kinasema nini, nyumba yenyewe iko wapi leo, na kwa nini mimi na mwandishi wake tumegombana.

Mwandishi ni V.S. Naipaul. Alizaliwa mwaka 1932 Chaguanas, kwenye kisiwa cha Trinidad, akafariki London mwaka 2018. Wazee wa ukoo wake walitoka India, wakapelekwa kule kufanya kazi za miwa kwa mkataba. Hiyo mikataba ilianza kuleta Wahindi Trinidad mwaka 1845 na ikakoma mwaka 1917. Wengi walipanda meli wakijua watamaliza mkataba warudi kwao, na wengi hawakurudi. Nilipofika hapo nikasema, aa, hawa watu nawajua.

Bwana Mohun Biswas ni kijana maskini anayepata riziki kwa kuandika mabango. Anajikuta ameoa kwenye ukoo wa Tulsi, na ukoo huo una jumba kubwa linaloitwa Hanuman House. Humo ndani kuna chakula, kuna mahali pa kulala, kuna watoto kibao. Ila kila kitu kina mwenyewe, na mwenyewe si wewe. Ukila, unatazamwa unavyokula. Ukinyamaza, unaitwa mwenye kiburi. Ukilalamika, unaambiwa huna shukrani. Biswas analalamika kila siku, na mwanzoni alinikera sana. Nilisema, huyu mtu amepewa paa na sahani, anataka nini tena?

Halafu nikajisikia aibu, maana maneno hayo si yangu. Ni maneno tunayoambiwa sisi. Tangu tulipovuka mpaka pale Bunagana mwaka 2012, mimi nikiwa na miaka 11, nimesikia neno shukrani kuliko neno lolote. Na kweli tunashukuru. Lakini mtu anaweza kushukuru kwa sahani na bado akataka mlango wake mwenyewe wa kufunga. Kitabu hiki ndicho cha kwanza nilichosoma kinachosema mambo hayo mawili pamoja bila kumwona mtu mbaya.

Kuna sehemu moja ambayo ningewaomba muisome hata kama hamtasoma nyingine. Ni Krismasi. Biswas anamnunulia binti yake, Savi, nyumba ya mwanasesere, kubwa, ya bei ambayo haiwezi. Watoto wengine wa jumba lile hawana kitu kama hicho, na maneno yanaanza. Mwishowe mke wake, Shama, anaivunja ile nyumba kwa mikono yake ili apate kuishi kwa amani na ndugu zake. Hapa kwetu jirani mmoja aliwahi kutumiwa pesa na mdogo wake aliye ng'ambo, akaweka mlango wa chuma. Maneno yalipozidi akaung'oa, akarudisha ule wa mbao. Hakuna aliyemlazimisha. Naipaul alielewa kwamba katika jumba la kupewa, anayekuvunjia kitu chako ni mtu wako wa karibu kabisa, tena anakivunja kwa sababu anakupenda na anataka mlale salama.

Biswas anajaribu kujenga mara mbili. Mara ya kwanza, Green Vale, anaezeka kwa mabati ya mitumba yenye lami, na jua likiwaka lami inayeyuka na kuning'inia kama nyoka juu ya kichwa chake. Nyumba hiyo inachomwa moto. Anajenga tena Shorthills, nako hapakaliki. Mwisho, akiwa mwandishi wa gazeti katika mji wa Port of Spain, anakopa pesa na kununua nyumba ya Mtaa wa Sikkim kwa haraka, bila kuichunguza. Akishahamia ndiyo anaona: ngazi mbovu, tena zimewekwa nyuma, milango haifungi vizuri, madirisha yana matatizo yake. Anakufa na miaka 46, ameshafukuzwa kazi, deni halijaisha.

Ukisimuliwa hivyo utasema ni hadithi ya mtu aliyeshindwa. Lakini angalia Naipaul alivyopanga. Kifo kinakuja mwanzoni kabisa, kabla hatujamjua mtu. Tunaambiwa amekufa, ana deni, nyumba ni mbovu. Ndipo tunarudishwa nyuma hadi kuzaliwa kwake, tunapitishwa kwenye kila chumba cha watu alicholala. Tukifika tena Mtaa wa Sikkim, ile nyumba mbovu tunaiona tofauti. Kasoro hazijapungua hata moja. Sisi ndio tumeshajifunza bei ya kufa ukiwa kwako. Kitabu kilitoka mwaka 1961, na kwa maoni yangu hakuna hotuba ya siku ya wakimbizi inayoweza kukifikia.

Basi, nyumba hiyo ipo. Nimeiona kwenye picha za simu. Iko Nepaul Street namba 26, St James, Port of Spain. Baba yake Naipaul, Seepersad, aliyekuwa mwandishi wa gazeti la Trinidad Guardian, aliinunua mwaka 1946, kwa familia ya watoto saba. Vidia, yaani huyu mwandishi wetu, aliishi humo miaka michache tu ya ujana. Mwaka 1950 alipata udhamini wa serikali akaenda kusoma Oxford. Baba akafariki mwaka 1953 na miaka 47, na mtoto hakurudi kuzika. Miaka mingi baadaye serikali iliinunua nyumba, na chama kimoja kikakabidhiwa kuitunza iwe nyumba ya fasihi. Chama hicho kinaitwa Friends of Mr Biswas, yaani Marafiki wa Bwana Biswas.

Jina hilo nimelifikiria sana. Wangeweza kujiita marafiki wa Naipaul. Yeye ndiye aliyepata Nobel, jina lake ndilo linaloleta wageni. Lakini wamechagua kuwa marafiki wa mtu wa kwenye kitabu, yule mwenye deni na milango isiyofunga. Na nadhani najua kwa nini. Naipaul hakuwa mtu rahisi kuwa rafiki wa kisiwa chake. Aliandika maneno makali juu ya Trinidad, na alipopewa Nobel mwaka 2001, katika tamko lake la kwanza aliishukuru Uingereza na India. Trinidad hakuitaja. Fikiria wewe ndiye unayepangusa vumbi la chumba chake, unasikia redioni hivyo. Wale watu waliendelea kupangusa.

Ndiyo maana kwangu swali la nyumba ya mwandishi si swali la kumheshimu mwandishi. Kama ingekuwa heshima tu, wangefunga mlango siku ile. Nyumba ya Nepaul Street ina kitu kingine cha kutunza, na kitu hicho ni baba. Seepersad alikuwa akiandika hadithi fupi kabla mtoto wake hajajua kuandika barua. Mwaka 1943 alichapisha kitabu chake cha hadithi, Gurudeva and Other Indian Tales, kwa gharama yake mwenyewe. Hakikumfikisha mbali. Ila ndani ya nyumba hiyo watoto walimwona mtu mzima, mwenye kazi na madeni, akikaa chini jioni kuandika. Mwana mmoja akawa Vidia. Mwingine, Shiva, naye akawa mwandishi. Barua za baba na mwana wakati wa Oxford zilichapishwa mwaka 1999, na hadithi za baba zilitolewa tena mwaka 1976, mwana akiziandikia utangulizi.

Hawa Marafiki wa Bwana Biswas wanalijua hilo. Nyumba wanaitunza kwa ajili ya wote watatu, na mwaka 2015 kulifanyika kongamano kule Trinidad juu ya Seepersad na wanawe. Halafu mwaka 2018 dada yao, Savi Naipaul Akal, akatoa kitabu chake juu ya familia, akakipa jina la mtaa wenyewe, The Naipauls of Nepaul Street. Sasa tukamsikia na mama, Droapatie, aliyebaki na nyumba na watoto baada ya mume kufa. Unaona? Nyumba ikiwa hai, watu ambao kitabu kikubwa kiliwapita nao wanapata zamu ya kuongea.

Sasa nifike kwenye ugomvi wetu.

Mwaka 1966 Naipaul alikuja hapa Uganda, akakaa Chuo Kikuu cha Makerere. Mwaka 1975 akaenda kwetu, wakati ule tukiitwa Zaire, akaandika makala juu ya Mobutu. Mwaka 1979 ikatoka riwaya yake A Bend in the River. Nchi haitajwi jina, lakini mji ni kama Kisangani na Mtu Mkubwa wa nchi hiyo kila Mkongomani anamjua. Anayesimulia ni Salim, Mhindi Mwislamu kutoka pwani ya Afrika Mashariki, anayekuja kufungua duka kwenye mji ulioharibiwa na vita.

Nilikitafuta kitabu hicho kwa hamu baada ya kumpenda Biswas. Nilisema, mtu anayejua nyumba namna hii, akifika kwetu atatuona. Kuna mfanyabiashara wa kike, Zabeth, anayetoka kijiji cha wavuvi kuja kununua bidhaa dukani kwa Salim. Ni mwanamke hodari, ameandikwa kwa heshima, sitakataa. Tunajua ananunua nini, anasafiri vipi na mtumbwi wake. Lakini kijijini kwake hatupelekwi. Salim haingii ndani kwa Zabeth, hakai kwenye kiti chake, haoni chungu chake kiko kona gani. Kijiji kiko huko porini, basi. Kwa Watulsi Naipaul alihesabu kila chumba, kila benchi, kila mtoto. Kwetu alihesabu magofu na majani yanayofunika barabara.

Mtu atanijibu: huyo ni Salim, si Naipaul, na Salim ni mgeni mwenye hofu. Ni kweli, na mwalimu wangu wa fasihi angenipa alama kwa kusema hivyo. Lakini mwandishi ndiye anayechagua nani asimulie na anaingia milango ipi. Mwandishi aliyetufundisha kwamba mtu bila nyumba ni kama mtu asiyezaliwa, alitupitia akatuacha bila nyumba. Hilo linauma zaidi likitoka kwake kuliko kwa mtu asiyejua.

Nilimsimulia mzee mmoja wa hapa, mzaliwa wa Mangobo, Kisangani. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Huyo bwana alipita mwaka gani?"

Nikamwambia, "Sabini na tano, mzee."

"Sabini na tano mimi nilikuwa nasoma. Baba yangu alikuwa na nyumba ya matofali, vyumba vitatu, na mwembe mbele. Angebisha hodi tungemfungulia."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesahihisha hesabu.

Tangu siku hiyo nikapata wazo la kazi yetu ya Jumamosi. Tuna kundi la vijana kama 20, wa miaka 12 hadi 18. Nikawaambia: chora ramani ya nyumba yenu ya nyumbani, halafu chagua chumba kimoja uandike yaliyomo. Nilitaka kumjibu Naipaul. Nilitaka vyumba vyetu vihesabiwe. Wakubwa waliandika vizuri. Kuna aliyekumbuka sufuria zilivyopangwa, kuna aliyekumbuka dirisha lililoangalia shamba la maharagwe.

Binti mmoja wa miaka 13 akachora mstatili mmoja. Ndani yake kitanda, pazia, jiko nje, na mistari ya turubai. Nikamwambia, si hii, dada, nataka nyumba ya nyumbani. Akaniangalia. "Kaka, yetu ni hii. Ile ingine ni ya papa na mama. Mimi sikulalaga kule."

Nikamwambia aandike ile aliyosimuliwa na wazazi. Akafuta mchoro wake na kifutio, taratibu, mbele yangu. Akaandika ukurasa juu ya nyumba ambayo hajawahi kuiona, na ulikuwa ukurasa mbovu, umejaa maua.

Usiku nikiwa zamu niliuona mstatili bado unaonekana chini ya maandishi, maana kalamu ya risasi ilikandamiza. Nikajua nimefanya nini. Nimefanya alichofanya Naipaul. Nimefika mlangoni kwa mtu, nikasema hapa hakuna nyumba. Tena mimi sikupita na meli. Mimi naishi nyumba ya nne kutoka kwao.

Jumamosi iliyofuata nilimwomba radhi mbele ya wenzake, nikamwomba achore tena. Alikataa wiki mbili. Ya tatu akachora, na safari hii akaandika juu ya kitu kimoja: sauti ya mvua juu ya turubai, jinsi mama yake anavyosukuma maji kwa fimbo yalipojaa katikati kabla halijachanika, na wote ndani wanangoja yamwagike. Sentensi sita. Mzee wa Mangobo alipozisoma alisema, "Hapa nimeingia ndani."

Kwa hiyo nikirudi kwenye Nepaul Street, maoni yangu ni haya. Kuna watu wanaosema nyumba ya utotoni ya mwandishi haina maana kutunzwa, vitabu vinatosha. Nawaelewa, hasa kwa mtu ambaye aliikimbia na hakuishukuru. Wengine wanataka itunzwe kama kaburi: kitanda chenye kamba, kiti kisichokaliwa, picha ukutani. Mimi nakataa yote mawili. Nyumba hiyo itunzwe, lakini itunzwe kwa kutumiwa. Mtoto wa St James akae kwenye meza ya Seepersad aandike, hata kama anaandika kwamba Naipaul alikosea. Kwenye rafu wawekwe baba, wana na dada, na A Bend in the River ikae hapo hapo bila kufichwa, na pembeni yake nafasi ya majibu. Nyumba isiyoruhusu mgeni agombane na mwenye nyumba, hiyo ni Hanuman House nyingine. Utakula, utashukuru, utanyamaza.

Na sisi? Nyumba ya nyuma sina. Nasikia ukuta mmoja umebaki na watu wengine wanalima pale. Hapa tumegawiwa kiwanja, tumejenga kwa udongo na turubai, lakini ardhi si yetu na kila mtu anajua. Hakuna chama kitakachokuja kutunza mstatili wa yule binti. Mvua za mwaka huu zilibomoa ukuta wao wa nyuma, wakahamia kijiji kingine ndani ya makazi haya haya. Lakini alichokuwa nacho Seepersad mwaka 1943 sisi tunacho: meza, taa ya sola, daftari, na mtu mzima anayeonekana na watoto akiandika. Hicho ndicho ninachoweza kutunza, na mpaka mwaka huu nilikuwa nakifanya kizembe. Madaftari ya Jumamosi tulikuwa tunayarudisha nyumbani, yanawashia moto. Sasa tuna sanduku la bati lenye kufuli, na kila ukurasa una tarehe na jina la kijiji.

Ufunguo ninao mimi na yule mzee. Kitabu cha Biswas kipo, nimekitengenezea jalada la karatasi ya mfuko wa saruji, kinaazimwa wiki mbili. Ukikisoma ukaona nimemwonea Naipaul, au nimempendelea, njoo Jumamosi saa nane mchana useme mbele ya vijana. Njoo na daftari lako.